Njia za Kiboko Asembo

Enzi ambazo meli za Kisumu zilikuwa zikitia nanga Asembo Bay, barabara yetu ilikuwa ya vumbi, na giza likishaingia magari yalikuwa ya kuhesabu. Usiku ulikuwa wa kiboko.

Kila mtoto wa ufukoni alizijua njia zake. Zilitoka kwenye mafunjo zikapanda hadi malishoni, kila moja na mifuo miwili iliyochimbwa na miguu, katikati tuta jembamba la nyasi. Penye kichaka alitawanya mavi kwa mkia. Nyanya alikuwa na amri moja tu: "Jua likigusa maji, mwachieni mwenyewe njia." Hakuna aliyembishia. Maji yalichotwa mapema, na waliolima karibu na ziwa waliacha upenyo kati ya shamba na shamba. Kiboko hula nyasi kiasi cha kilo 40 kwa usiku mmoja, na kuzipata anaweza kutembea kilomita kadhaa. Alfajiri hurudi majini kwa njia ileile, na ndama wake huirithi. Mavi anayoyaacha majini nayo ni chakula cha viumbe wanaoliwa na samaki wetu.

Kisha ikaja lami: ile ya kutoka Kisian kwenda Bondo, baadaye na tawi la Ndori hadi Luanda Kotieno, penye kivuko cha Mbita. Tuliililia lami hiyo, na bado tunaihitaji. Mgonjwa anawahishwa Kisumu, samaki anafika sokoni kabla hajaharibika. Lakini barabara nzuri hupandisha bei ya viwanja, na kiwanja kikinunuliwa huzungushiwa seng'enge. Upenyo mmoja baada ya mwingine ukazibwa. Kabla hakujakucha, bodaboda zinateremka bichi kuwahi omena, saa ileile kiboko anaporudi ziwani. Yeye hakubadili ratiba. Akikutana na taa na ngurumo hugeuka, akapita katikati ya mahindi ya mtu, au husimama palepale njiani, mkubwa na mweusi, asionekane mpaka umemfikia. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika kupita ilivyokuwa tangu miaka ya sitini, ufuko wenyewe ulizama, naye akasukumwa hadi milangoni mwetu. Tukasema amekuwa mkorofi.

Kisumu inatuonyesha jambo hili linaishia wapi. Swala pala waliobaki ukingoni mwa mji walitengewa hifadhi mwaka 1992, hekta 34 tu, na nje ya ua wake ni nyumba, hoteli na magari. Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi humo. Ninapenda kuwapeleka watoto pale, ila huwa naondoka na huzuni, maana swala asiye na pa kwenda amebakiwa na nusu ya uswala wake. Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, kina nafuu zaidi, na nadhani ni kwa sababu hakuna gari linaloweza kukifikia.

Haikuwa lazima iwe hivi. Huko Mlima Kenya, tangu 2011 ndovu wanapita chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru, katika njia waliyojengewa makusudi, kwa kuwa kuna watu waliouliza mapema ndovu hupita wapi. Kwetu waliulizwa wenye mashamba, wakalipwa fidia za miti na vibanda. Hakuna aliyeuliza habari za njia za kiboko, nasi tuliozijua tukanyamaza, tukiogopa lami isije ikapewa wengine.

Wazee wanaoweza kuonyesha njia hizo kwa kidole wamebaki wachache. Enyi wahandisi na viongozi wa Siaya, kabla hamjamwaga lami nyingine ufukoni, tembeeni nao. Kila mahali watakaposimama wekeni matuta na kibao, na mzuie ua usijengwe hapo.