Safari Salama na Mtoto, Sehemu ya 4: Taa za ukungu za pikapu, tuchague zipi?

Wiki iliyopita tuliongea habari ya mkanda na kiti cha mtoto garini. Baada ya hapo swali moja limenijia mara nyingi kuliko yote: "Nesi, sisi wa huku juu tunaishi ndani ya ukungu. Kwenye pikapu tufunge taa gani?" Walioniuliza wengi ni wa Njombe, Makete na Mufindi, na wawili watatu wa Lushoto. Leo tulimalize, maana hata sisi nyumbani tumetoka kulifanyia kazi.

Kwa mgeni wa huku: mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni hadi Agosti baridi inakata mifupa, na kuna asubuhi ukungu umelala barabarani mpaka jua limepanda. Barabara hiyo hiyo ina malori ya mbao, malori ya viazi, bodaboda, na watoto wanaotembea kwenda shule. Pikapu yetu ni Hilux ya kazi. Mchana inabeba mbolea na viazi. Usiku jirani akigonga dirisha inabeba mama aliyeshikwa na uchungu, maana gari la wagonjwa linaweza kuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine. Kwa hiyo taa kwetu si urembo. Ni sehemu ya vifaa vya kujifungulia, kama glovu.

Tuanze na jambo ambalo wauzaji wengi hawatakuambia. Kwenye ukungu tatizo si uhaba wa mwanga. Tatizo ni mwanga unaokurudia usoni.

Ukungu ni matone madogo sana ya maji yaliyosimama hewani. Ukipiga fulu, mwanga unagonga yale matone na kurudi kwako, unabaki unatazama shuka jeupe. Na jicho nalo lina tabia yake. Mwanga mkali ukiingia, mboni inajikaza haraka sana, lakini jicho kuzoea giza tena huchukua dakika, si sekunde. Ndiyo maana dereva anayeongeza taa kali ukunguni anaona kidogo zaidi, na anayekuja mbele yake ndiyo haoni kabisa.

Sasa taa ya ukungu ya kweli (mafundi wanaiita fogi) inafanya kazi kwa mambo matatu. Inakaa chini, kwenye bampa, ili mwanga upite chini ya usawa wa macho yako. Inatawanya mwanga kwa upana, uone ukingo wa lami, mtaro na mtu anayetembea pembeni. Na mwanga wake umekatwa juu kwa mstari ulionyooka, kama vile mtu ameuchonga kwa kisu, usipande hewani. Taa ikikosa hayo, hata iwe kali namna gani, si ya ukungu.

Baba watoto akasema tusinunue kwa maneno ya dukani. Tukaazima gari mbili za jirani zenye taa tofauti, ya tatu ikawa yetu yenye seti mpya, tukazipanga jioni moja mbele ya ukuta wa ghala la viazi. Hiki ndicho tulichokiona.

Gari ya kwanza ilikuwa na balbu za LED zilizochomekwa kwenye fogi za kiwandani zilizotoka na halojeni. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, jozi kwetu hapa ni kama elfu 60. Mwanga ni mweupe na mkali, lakini ukutani ulimwagika hovyo, mwingine ukapanda juu. Sababu inaeleweka. Kioo cha nyuma ya ile taa kilichongwa kwa ajili ya waya mmoja mwembamba unaowaka katikati ya balbu. LED inawaka kwa vipande vilivyobandikwa pande mbili za bamba, kwa hiyo kioo kinaurusha mwanga mahali pasipotakiwa. Balbu moja moja hukaa vizuri, lakini huwezi kujua bila kuijaribu ukutani.

Gari ya pili ilikuwa na zile taa ndogo za mraba zenye macho mengi ya LED, ambazo vijana wanazipenda sana. Jozi ni kama elfu 80. Kwenye shamba usiku, wakati wa kupakia mizigo, hizi ni nzuri mno. Lakini ukutani zilitoa duara kubwa lisilo na mstari wowote juu. Duara hilo likiingia kwenye ukungu ni fulu nyingine tu, na anayekuja mbele utampofua. Ile taa ndefu ya mstari inayofungwa juu ya kabini ni hivyo hivyo, tena mbaya zaidi kwa sababu inamulika ukungu wote ulio mbele ya macho yako. Ukungu ukishuka, izime.

Ya tatu, tuliyoifunga sisi, ni taa kamili ya LED yenye lenzi yake, inayoingia mahali pa fogi ya zamani. Kwetu ilikuwa laki 2 na elfu 40, na elfu 40 ya fundi. Ukutani ilichora mstari mpana ulionyooka, juu yake giza, chini mwanga toka upande hadi upande. Muuzaji alituambia wateja wengi wanaiona "haina nguvu". Kweli, haifiki mbali. Kazi yake ni kukuonyesha mita chache za mbele na kingo zote mbili.

Wewe nawe unaweza kufanya jaribio hili, halina gharama. Simamisha gari pahala tambarare, mita 7 na nusu kutoka ukutani. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, uuweke alama ukutani kwa chaki. Washa. Mstari wa juu wa mwanga uwe chini ya alama hiyo kwa kama sentimita 10. Ukiwa juu ya alama, fundi aishushe taa.

Na hapa wenye pikapu tusikilizane vizuri, hili watu wengi hawalifikirii. Ukipakia magunia nyuma, mkia unashuka na pua inanyanyuka. Taa iliyopimwa gari tupu itakuwa inatazama juu, na mwanga uliokuwa unalala barabarani unapanda kwenye ukungu na kwenye macho ya watu. Kwa hiyo jaribio lifanywe na mzigo uliozoea kubeba. Sisi tulipakia magunia kwanza, ndipo tukaweka chaki.

Tuje kwenye maneno ya kwenye boksi.

Wati. Boksi moja tuliloonyeshwa liliandikwa wati 120 kwa taa. Fundi wetu akaipima injini ikiwa inawaka: volti kama 14, ampea 1.6. Zidisha mwenyewe, ni wati 22. Wati hazikuambii mwanga unaelekea wapi, na mara nyingine hata zenyewe si za kweli.

Lumeni ni kiasi cha mwanga wote. Nyingi zikielekezwa vibaya ni hasara tupu.

Alama za IP zinasema taa inavumiliaje vumbi na maji. IP67 maana yake vumbi haliingii, na inastahimili kuzamishwa kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. Kwa barabara zetu usishuke chini ya hapo.

Alama ya ubora itafute kwenye lenzi yenyewe, si kwenye karatasi ya boksi. Taa zilizopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na herufi E na namba ndani ya duara, na kwa taa za mbele za ukungu kuna herufi B au F3. Zinazofuata kanuni za Kimarekani huandikwa SAE na herufi F. Alama inaweza kughushiwa, ndiyo maana ukuta unabaki kuwa shahidi wa mwisho.

Na rangi je? Hapa pana ubishi mkubwa. Kelvini 3,000 ni njano, 6,000 ni nyeupe, ukipanda zaidi inaelekea bluu. Wengi wanaamini mwanga wa njano unapenya ukungu. Ukweli ni kwamba matone ya ukungu ni makubwa kiasi kwamba yanatawanya rangi zote karibu sawa. Faida ya njano iko machoni mwetu: mwanga wenye bluu nyingi unaumiza na kuchosha jicho upesi. Ufaransa ilikuwa na sheria ya taa kubwa za njano hadi mwaka 1993, na Wafaransa waliendesha salama tu, lakini si kwamba ukungu uliwakimbia. Sisi tulichukua njano kwa sababu baba watoto hufika hajachoka macho. Ukipenda nyeupe ya kawaida, chukua. Yenye bluu iache dukani.

Umeme ufungwe kwa adabu. Fogi mbili za wati 20 zinavuta ampea kama 3 na nusu, wakati halojeni mbili za wati 55 zinavuta zaidi ya 9. Pamoja na hayo weka relei, na fyuzi ikae karibu na betri. Kwa mzigo huo mdogo, fyuzi ya ampea 5 inatosha. Fundi akikuambia "hii tunaunga moja kwa moja kwenye swichi, haina shida", mama, shida inayo. Waya ukisugua bodi usiku, ndani mna mtoto.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika kirefu hivi kuhusu taa.

Mwezi uliopita tulikuwa tunashuka alfajiri na mama mwenye uchungu, mimba yake ya tatu. Nilikuwa naye kiti cha nyuma, amelala ubavu wa kushoto, nimeshika mkono wake. Baba watoto alikuwa mwendo wa 30, dimu na fogi, fulu imezimwa. Ndugu wa mgonjwa akawa anasema, "Shemeji, ongeza mwendo, atazalia njiani." Hakuongeza. Kwenye kona moja ule mwanga mpana ukagusa pindo la kitenge upande wa kushoto. Ni mwanamke, mtoto mgongoni, ndoo kichwani, nguo zote za rangi nzito, anatembea juu ya lami kwa sababu mtaro umejaa maji. Tulipunguza, tukampita taratibu. Hata hakugeuka. Tulifika, mtoto akazaliwa saa moja na nusu, analia vizuri.

Hesabu yake ni hii. Kwa mwendo wa 60, gari linakwenda mita 17 kila sekunde. Mtu anahitaji kama sekunde moja na nusu toka kuona hadi mguu kugusa breki. Hapo umeshakula mita 25 na gari bado halijaanza kupungua. Kwa 30 ni mita 12 au 13. Hakuna LED duniani inayoongeza mguu wako kasi. Taa nzuri inakupa nafasi ya kuona, mwendo mdogo ndio unaokupa nafasi ya kusimama. Mwenye taa nzuri akaongeza mwendo amepoteza pesa yake.

Kwa hiyo akina mama, hata kama usukani hamshiki ninyi, haya ni ya kwenu:

Ukungu ukiisha, mwambie azime fogi. Zikiwaka usiku mweupe zinasumbua wengine.

Msitembee na hazadi zinawaka, maana wa nyuma hatajua mnakata kona wapi. Mkishindwa kuona, tokeni nje ya barabara kabisa, pahala papana, ndipo muwashe hazadi.

Futeni lenzi kabla ya safari. Tope la Njombe likikauka juu ya taa ya laki 2, una taa ya elfu 5.

Mtoto anayekwenda shule alfajiri avae kitu cheupe au cha njano kwa juu, na mkanda unaong'aa ukimulikwa ushonwe begini. Ninyi pia mnaobeba mgongoni, kanga nyeupe ije juu ya kitenge cheusi.

Na la mwisho ndilo kubwa kuliko taa zote. Mama mjamzito unayeishi mbali, hasa uliyewahi kufanyiwa upasuaji, kutoka damu nyingi, au unayetarajia mapacha, usisubiri uchungu ukushike usiku wa ukungu. Muulize nesi wa kliniki yako mapema ni wiki ya ngapi usogee karibu na hospitali, kwa ndugu au kwenye nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua kama ipo. Pesa ya chumba cha wiki mbili na pesa ya taa zikigombana nyumbani, chumba kishinde. Taa zitafungwa mkisharudi na mtoto.

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu kumkinga mtoto mchanga na baridi safarini: ngozi kwa ngozi, kofia, na kwa nini blanketi tatu si bora kuliko kifua cha mama. Safari njema, na taratibu jamani.