Barua kwa Mpwangu Kabla Hajanunua Chaja

Mikindani, Mombasa

Mpwangu Salim,

Mamako hajambo, na kila nikipita Kisauni ananionyesha lile gari lako pale uani kana kwamba mimi ndiye niliyeliegesha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Unasema hapo Muscat umeona chaja ya betri, kubwa, yenye magurudumu na mpini, na muuzaji amekuapia kwamba inawasha gari lililokufa papo hapo. Unataka kuja nayo likizo. Nakuomba uiache pale pale dukani.

Sisemi ni mbovu. Ile ni zana ya gereji, ya fundi ambaye magari yanamjia yakivutwa kwa kamba na wenyewe wamesimama nyuma yake wakitazama saa. Gari lako lina maradhi mengine. Linakaa miezi bila kwenda, halafu unataka liwake siku ile ile unayotoka uwanja wa ndege. Kitu cha kulizindua likishakufa hakikufai. Unachotaka ni kisichoiachia betri ife, na hicho ni kidogo, chepesi, chaingia ndani ya begi lako la mkononi.

Nikueleze kwanza kinachoiua. Gari la siku hizi ukilizima halilali lote. Kengele ya wezi iko macho, saa inakwenda, kompyuta ya injini inakumbuka mambo yake, na kile kifaa cha kufuatilia gari ulichofungiwa kinatafuta mtandao usiku na mchana. Gari zima, lisilo na hitilafu, hunyonya miliampea 20 hadi 50 likiwa limezimwa. Chukua hiyo 50. Kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri yako ni NS60, yaani ampea-saa 45 hivi. Piga hesabu: katika siku 19 nusu ya chaji imekwisha, na hapo hujatia chaji inayopotea yenyewe kwa joto. Joto la pwani yetu unalijua.

Betri ya risasi na asidi ikiachwa bila chaji haikai ikikungoja. Kila inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujipaka juu ya bamba zake. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo inavunjika, risasi na asidi zinarudi mahali pake. Ukiiacha wiki na wiki, inakomaa ikawa fuwele ngumu ambazo umeme wa kawaida hauzivunji tena, na sehemu ile ya bamba umeshaipoteza. Hivyo ndivyo ilivyo tangu Mfaransa Gaston Planté alipounda betri ya kwanza ya aina hii mwaka 1859. Vifuniko vimebadilika, plastiki imekuja, lakini ndani ni yale yale. Basi usimlaumu aliyekuuzia zile betri mbili zilizokufa ndani ya gari hili. Hazikuchakaa kwa kazi. Zimekufa kwa kukaa na njaa.

Mamako naye, Mungu amzidishie, amekuwa akiliwasha kila Ijumaa dakika kumi. Nimemwambia aache. Wiki moja imenyonya ampea-saa 8 na ushei, na dakika kumi za injini kuunguruma mahali pamoja hazirudishi kiasi hicho. Injini yenyewe haipati moto wa kutosha, unyevu unabaki ndani ya bomba la moshi, na petroli inakwisha bure. Lingekwenda hadi Mtwapa na kurudi, sawa, lingefaidika. Lakini nani wa kuliendesha?

Njia isiyo na gharama ni spana namba 10: unafungua kichwa cha hasi cha betri, unakiweka kando, basi. Mtu asiye na kengele wala kifaa cha kufuatilia ningemwambia afanye hivyo tu asinunue chochote. Kwako wewe kuna mambo mawili. Kampuni ya bima inataka kile kifaa kiwe hai. Na redio yako ni ile ile ya Japani iliyokuja na gari. Hizo ukizikatia umeme nyingi hugoma na kudai nambari za siri, ukaanza kumtafuta kijana wa mjini akufungulie kwa pesa. Kwa hiyo chaja unaihitaji. Haya, tusemezane juu yake.

Ukubwa kwanza, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Ampea za chaja ziwe kama sehemu ya kumi ya ampea-saa za betri. Kwako wewe ni 4 au 5. Aliyeshinda na njaa siku nyingi humpi sahani ya pilau, unampa uji. Betri iliyokwisha ukiipa ampea 30 inachemka, inajaa joto, na bamba zinapinda. Kwa ampea 4 betri iliyofika nusu utaifunga jioni ukaikuta tayari asubuhi. Una haraka gani nawe uko Oman miezi?

Pili, iwe yenye akili. Zile za zamani, chuma tupu na sindano inayocheza kwenye kioo, zinasukuma umeme tu. Betri ikijaa hazina habari, zinaendelea mpaka maji yanakauka. Mimi nimezifanyia kazi miaka mingi na ni nzuri, mradi umesimama karibu. Hii unayoitaka inatakiwa ijiongoze: itie ampea zake hadi betri ifike kama volti 14.4, ishikilie hapo huku ampea zikipungua zenyewe, kisha ishuke hadi volti 13.5 hivi na ibaki hapo ikirudisha kile kidogo kinachonyonywa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo unayoitolea pesa. Kama boksi halisemi wazi kwamba chaja inaweza kuachwa imefungwa kwa miezi, rudisha.

Tatu, na hili wauzaji wa huko hawalifikirii kwa kuwa kwao stima haipotei kama kwetu: umeme ukikatika na kurudi, chaja inafanya nini? Kuna zinazokumbuka zilikokuwa na kuendelea. Kuna nyingine zinawaka taa moja na kungoja kidole cha kubonyeza. Ukinunua ya kungoja kidole, stima ikipotea mara moja tu usiku, umekwisha, na utakuja kujua ukishafika na masanduku yako. Mwambie muuzaji aifunge kwenye betri pale pale, aiwashe, azime ukutani, ahesabu hadi kumi, awashe tena. Akikataa kuijaribu, nenda duka la pili.

Umeme wa huko na wa huku ni sawa, volti 240 na plagi ya pini tatu bapa, kwa hiyo chaja ya Muscat itaingia kwenye soketi ya mamako bila maneno. Jihadhari tu na mali iliyotoka Japani, iliyotengenezewa volti 100, au ya soko la Marekani, volti 120. Bei yake huwa tamu, na ukiichomeka hapa unanusa harufu yake mara moja. Kampuni zenye jina zipo, kama CTEK ya Sweden na NOCO ya Marekani, na kwa sababu zina jina zinaigwa. Mimi nisingeng'ang'ania jina. Ningesoma kibandiko cha nyuma.

Yako ni betri ya kawaida, yenye vifuniko juu, kwa hiyo chagua hali ya betri ya kawaida. Ile ya AGM, yaani betri zilizofungwa zisizotiwa maji, inapandisha volti juu zaidi, iachie wenye betri za namna hiyo, kama rafiki yako mwenye Prius. Za lithiamu zina chaja zake, usichanganye. Na chaja ya volti 24 ni ya lori la Fuso.

Utaona pia kitufe cha kufufua betri. Usikilipie zaidi. Kwa betri iliyoanza tu kuugua kinaweza kusaidia kidogo. Iliyokufa seli haifufuki. Ndani mna seli sita, kila moja volti 2.1, ukiichaji usiku kucha, ukaiacha itulie, kisha mita ikasoma 10.5, jua seli moja imekwenda na hakuna chaja duniani itakayoirudisha. Hiyo ipeleke dukani unaponunua mpya, wapunguze bei. Usiiache kwa kila mpita njia wa vyuma chakavu. Hapa jirani yetu, Owino Uhuru, risasi ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu iliingia kwenye damu za watoto wengi wa mtaa ule. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigana mpaka kikafungwa, akatunzwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Waliodhurika hawajapona kwa tuzo.

Sasa kufunga. Nunua na ule waya mfupi wenye vikuku viwili na fyuzi, unaokazwa kwenye betri moja kwa moja na kubaki hapo. Nitaupitisha mbele, utokeze kwenye wavu wa boneti, ili mamako achomeke tu bila kufungua chochote wala kushika klipu. Ukitumia klipu wewe mwenyewe, nyekundu kwenye chanya kwanza, nyeusi kwenye chuma cha injini mbali na betri, na umeme wa ukutani uwe wa mwisho kuwashwa. Kutoa ni kinyume chake. Sababu ni kwamba betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na hewa ikiwa na asilimia 4 tu ya gesi hiyo, cheche moja yatosha kuilipua. Nimeona fundi aliyerukiwa asidi usoni, sitaki kueleza. Pale uani pana hewa ya kutosha. Usiruhusu tu mtu aifunike boneti kwa turubai, na vijana wa baraza wasivutie sigara hapo.

Chaja yenyewe nitaitundika ukutani chini ya paa, mvua isiifikie. Vichwa vya betri nitavisafisha kwa maji ya moto na magadi, maana hewa ya chumvi imeshavitia ule unga wa kijani, kisha nivipake grisi. Kila mwezi nitatazama maji. Yanaongezwa maji ya betri, yale safi ya chupa. Asidi haiongezwi, hata fundi wa kando ya barabara akiapa.

Kuna la nyumbani ambalo ni zito kuliko hayo ya volti. Soketi zetu zina swichi, na mamako huzima kila swichi kabla ya kulala. Pia ataniuliza kuhusu tokeni za stima. Nimeshamfanyia hesabu: chaja ikishajaza betri hutumia wati chache, tuseme 5. Kwa mwezi mzima hazifiki yuniti 4. Lakini mwambie wewe mwenyewe kwa simu, kwamba swichi ile isiguswe, na pesa ya hizo yuniti umtumie pamoja na ya matumizi. Maneno ya kaka yake hayana uzito kama ya mwanawe aliye safarini.

Rafiki yako wa Tudor anayekaa ghorofani, asiye na soketi karibu na gari, mwambie atafute sola ndogo ya wati 10 yenye kidhibiti chake, aiweke kwenye dashibodi upande wa jua. Inatosha kutunza. Kujaza betri iliyokwisha haiwezi.

Kabla ya hayo yote nitakwenda Jumamosi na mita yangu nipime gari linanyonya kiasi gani. Likizidi miliampea 50 kwa mbali, kuna kitu kinavuja, na nitachomoa fyuzi moja moja hadi nikipate. Chaja inayofunika uvujaji ni pesa ya bure. Na betri yenyewe nitaijaza polepole kwa chaja yangu, niiache usiku itulie, kisha niisome. Ikiwa 12.6 au zaidi, ni nzima na imejaa. Ikiwa 12.2, iko nusu. Ikishindwa kabisa kukaa juu ya 12.4 baada ya kujazwa, utahitaji betri mpya pia, na ni heri ujue leo kuliko siku ya kufika.

Basi usilipe kwanza. Pigia picha mgongo wa boksi la hiyo chaja ndogo utakayoipata, maandishi yote yasomeke, unitumie kwenye simu. Nitakujibu siku hiyo hiyo.

Wasalimie wenzako wote hapo.

Mjombako,
Athumani