Thika: Mji uliowafungulia watoto mlango

Ndugu msomaji, kama unaishi Kiuu, pale Githurai, bila shaka umepita Thika mara nyingi ukielekea mashambani. Labda ulichokiona ni viwanda na mananasi tu. Safari ijayo, shuka hapo.

Kutoka Githurai, matatu itakupitisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, Ruiru na Juja. Ni mwendo wa kilomita 30 hivi, na tangu barabara hii ipanuliwe na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, umekuwa mwepesi. Lakini ipo safari nyingine ya Thika iliyo ngumu zaidi: ile ya mtoto mlemavu kutoka chumba cha nyuma, alikofichwa wageni wasimwone, hadi darasani.

Jeshi la Wokovu, kanisa lililoanzia London mwaka wa 1865, lilifika Kenya mwaka wa 1921. Mwaka wa 1946 likafungua kituo cha wasioona mjini Thika, kwanza kwa ajili ya askari waliopoteza macho katika Vita Vikuu vya Pili. Kituo hicho baadaye kikawa shule ya watoto, na mwaka wa 1967 ikaja shule ya upili. Kabla ya hapo, mwaka wa 1962, Jeshi hilo lilikuwa limefungua Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Siku hizo polio ilikuwa ikipooza miguu ya wengi. Leo polio imepungua sana kwa sababu ya chanjo, lakini wapo watoto waliozaliwa na mgongo wazi au wenye mtindio wa ubongo, nao wanahitaji dawati.

Wasioona husoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta sita yaliyobuniwa na Louis Braille wa Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, alijidunga jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya babake, fundi wa ngozi, na hatimaye akapofuka macho yote mawili. Alipokua, nukta zilizotobolewa kwa ncha kama ile ndizo zilizomfungulia vitabu.

Pengine unalo jambo moyoni, msomaji. Pengine ni mtoto wako mwenyewe, au wa jirani, ambaye hutoka nje jioni tu. Usimngoje akue. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka wa 1986, iko Kasarani, si mbali na Kiuu. Huko mtoto hupimwa na mzazi akashauriwa shule inayomfaa.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Askari wale wa mwaka wa 1946 walikwenda vitani wakiona. Mlango waliofunguliwa wao ndio ambao watoto wetu wanauingia hadi leo. Wa kwako je, atafikishwa na nani?