Utamu wa Shimo Refu

Ndugu msomaji, mwezi wa saba nilikwenda likizo nyumbani kwetu Mshangano, mjini Songea. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, na jioni baridi ya kutoka upande wa Matogoro ilitukusanya sote motoni. Nami, kama ilivyo desturi ya waandishi wa habari warudipo kwao, nikaanza kusimulia.

Niliwaambia kwamba nilikuwa nimeandika makala juu ya mchezo wa gofu, na kwamba huko Korea ya Kusini, katika uwanja wa Gunsan, kuna shimo lenye urefu upatao mita 1,000. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na miwili, akashtuka: "Sasa mjomba, mpira ukitumbukia humo utatolewa na nani?"

Tulicheka sana. Kisha nikamweleza kwamba shimo lenyewe ni dogo, upana wake milimita 108 tu, kipimo kilichowekwa tangu mwaka 1891. Kinachoitwa urefu wa shimo ni mwendo wote kutoka mahali pa kuanzia kupiga hadi hapo mpira unapotumbukia. Uwanja kamili una mashimo 18, hesabu iliyotokana na uwanja wa St Andrews, Scotland, mwaka 1764. Mengi hutazamiwa kumalizwa kwa mapigo matatu, manne au matano. Kwa wanaume, shimo la mapigo matano huwa na urefu wa mita 410 hadi 650 hivi. Lile la Gunsan limewekewa mapigo saba.

Baba mdogo hakucheka. Alikuwa akichokoa moto kwa kijiti, kisha akaniuliza pole pole: "Mwanangu, katika makala yako ulisema shimo hilo ni tamu. Ni tamu kwa nani?"

Yafaa ujue, ndugu msomaji, kwamba baba mdogo alikuwa kedi, yaani mbeba mkoba wa wachezaji, kwa miaka mingi katika klabu moja ya Dar es Salaam. Fedha alizozipata huko ndizo zilizonilipia ada ya shule. Hayo niliyajua. Lakini mabegani mwake hasa kulikuwa na nini, sikupata kumwuliza hata siku moja.

Nilijitetea kwa hoja za mezani. Nilisema kwamba shimo fupi halisamehe; ukikosea pigo moja umekwisha. Shimo refu humpa mchezaji nafasi ya kujirudi, kama safari ndefu impavyo dereva nafasi ya kufidia saa aliyoipoteza. Nikaongeza kwamba katika nchi za juu kama Nairobi hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi, hivyo urefu hautishi kama unavyoandikwa.

Akasema, "Vema. Kesho tutacheza."

Asubuhi alitupeleka shambani, penye mabua makavu. Alichimba shimo kwa jembe, akafukia kopo, kisha akahesabu hatua 400 hadi kwenye mwembe. Fimbo zetu zilikuwa za mpera, na mipira ya karatasi za nailoni zilizofungwa kamba. Mimi alinitwika mkoba: nusu debe la mahindi ndani ya kiroba, chenye kamba ya kuning'iniza begani. "Sheria zinamruhusu mchezaji fimbo 14," alisema. "Usifikiri hazina uzito."

Hatua 100 za mwanzo zilikuwa za furaha. Mia ya pili tulinyamaza. Kila pigo lilikuwa sawa na lililotangulia: piga mbele, fuata, piga mbele tena. Hapakuwa na la kuchagua wala la kuhofia. Kufikia mia ya tatu kamba ilikuwa imenikata bega, na mpwa wangu wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa ameketi chini na kusema kwamba mchezo huu ni kazi ya shamba iliyobadilishwa jina.

Baba mdogo hakumkemea. Alimshika mkono, akamsogeza mbele hadi katikati ya shamba na kumwambia, "Wewe mwanzo wako ni hapa." Ndivyo viwanja vyenyewe vifanyavyo, huweka mahali zaidi ya pamoja pa kuanzia, ili wazee, watoto na wasio na nguvu nyingi nao wacheze. Kisha akageuza njia. Badala ya kwenda moja kwa moja, sasa tulipaswa kukikabili kichuguu kikubwa: anayethubutu apige juu yake, anayeogopa azunguke na kuongeza pigo moja.

Urefu ulikuwa ule ule, lakini mchezo ulikuwa mwingine. Kila mmoja alisimama na kufikiri kabla ya kupiga. Kaka yake binti alithubutu, mpira ukanasa kichuguuni. Binti alizunguka, akashinda. Kelele zake zilifika barabarani.

Hapo nikapata jibu ambalo sikulipata nilipokuwa mezani na kalamu. Shimo refu laweza kuwa tamu, iwapo kila pigo lina swali lake. Likiwa refu kwa ajili ya kusifiwa urefu tu, ni matembezi ya kuchosha na matumizi mabaya ya ardhi. Piga hesabu mwenyewe: mita 1,000 kwa upana wa mita 50 ni zaidi ya ekari 12. Hapa Mshangano ekari 12 si kitu cha mzaha.

Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza baba mdogo kama yeye aliwahi kuona utamu wowote katika mashimo yale.

"Nililipwa kwa mzunguko," alisema. "Uwanja uwe mrefu, uwe mfupi, malipo yalikuwa yale yale. Wao walihesabu mapigo. Mimi nilikuwa nahesabu ada yako. Nikifika shimo la mwisho najua nimelipa siku ngapi."

Sikuwa na la kujibu. Nilitaka kukitua kile kiroba nikaona haya, nikakibeba hadi nyumbani.

Ndugu msomaji, huenda wewe hutacheza gofu maishani mwako. Lakini yupo mtu aliyekubebea mkoba katika shimo refu, pengine yu hai bado, ameketi motoni jioni hii. Usingoje akuulize yeye. Mwulize wewe, uzito wake ulikuwa kiasi gani.