Skrini nyeusi baada ya kubadilisha prosesa na kadi

Wiki hii nimeshinda ndani ya tumbo la kompyuta isiyo yangu. Ni ya binamu yangu, ambaye hucheza gemu usiku na kuhariri video za harusi mchana, na kuna harusi alitakiwa kuikabidhi Jumamosi. Alikuwa ametoa prosesa ya Ryzen 3 3200G akaweka Ryzen 5 5600, pamoja na kadi ya grafiki, Radeon RX 6600, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Fundi mmoja wa mjini aliiangalia dakika tano, akasema kadi imekufa, kisha akajitolea kuinunua kwa shilingi 4,000 eti atoe vipuri. (Huruma ya namna hiyo hunifanya nishuku mara moja.)

Sasa, skrini nyeusi si ugonjwa mmoja. Kuna ile inayokuwa nyeusi tangu unapobonyeza swichi, kuna inayozima Windows inapoanza kupanda, na kuna inayozima katikati ya gemu. Ya pili mara nyingi ni draiva, na DDU, programu ya kufuta mabaki ya draiva za zamani, huimaliza. Ya kwanza na ya tatu ndizo zilizotutoa jasho, kwa sababu binamu alikuwa nazo zote mbili, moja imejificha nyuma ya nyingine.

Tuanze na ya kwanza. Niliangalia waya wa HDMI umechomekwa wapi. Prosesa ya 3200G ina grafiki yake ndani, kwa hivyo tundu la HDMI la mazabodi lilikuwa likifanya kazi miaka yote. Ile 5600 haina, na kwayo tundu hilo ni pambo tu. Lakini waya ulikuwa kwenye kadi, sawasawa kabisa. Kisha nikatazama ubao wenyewe. Mazabodi nyingi zina vitaa vinne vidogo pembeni: CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kinachobaki kimewaka ndicho kinakuonyesha mashine imekwama wapi. Kwa binamu kilikuwa kinawaka cha CPU. Kama kadi ingekuwa ndiyo shida, ningetegemea cha VGA.

Mazabodi yake ni ya B450, aina iliyotoka 2018. Ryzen 5 5600 ilitoka 2022. Soketi ni ileile AM4, prosesa inaingia bila kelele, ila BIOS ya zamani haiijui. Na yake haikuwahi kuguswa tangu siku ya kununuliwa. Tukarudisha ile 3200G, tukawasha, na ile kadi "iliyokufa" ikatoa picha safi. Binamu alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Tulipakua BIOS mpya kutoka kwa waliotengeneza mazabodi, tukaiweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32. Hapo sikukubali kuendelea bila UPS. Stima ikipotea katikati ya kazi hiyo, unaweza kubaki na mazabodi isiyowaka tena, na mtaani kwao stima haina adabu saa za jioni. Tuliazima UPS kwa jirani (huyohuyo wa ukuta). Dakika chache, tukarudisha 5600, ikawaka.

Furaha ilidumu mpaka alipofungua gemu. Dakika mbili, "No Signal", feni bado zinazunguka. "Buda, labda fundi alikuwa anasema kweli," akaniambia, na nikaona macho yake yako kwenye ile 4,000.

Nikamwambia afunge gemu kwenye fremu 30 kwa sekunde. Ikaenda saa nzima bila tatizo. Akifungulia, inazima. Kadi iliyoharibika haichagui hivyo kwa kawaida. Mara nyingi hiyo ni njaa ya umeme. Nikafungua ubavu nikasoma kibandiko cha pawasaplai. Kwa herufi kubwa: 500W. Kwa herufi ndogo, mstari wa +12V: ampea 18. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216. RX 6600 peke yake imeandikiwa wati 132, prosesa 65 na huzidi hapo ikikazana, halafu weka feni na diski. Na kadi huruka juu ya kiwango chake kwa nukta ya sekunde, wakati pawasaplai tayari imeishiwa pumzi. Kama unanunua moja, soma mstari huo wa +12V kabla ya kuangalia tarakimu kubwa. Nikaunganisha pawasaplai ya mashine yangu, yenye ampea 45 kwenye mstari huo, gemu likaenda saa tatu bila kikomo cha fremu.

Ijumaa asubuhi alienda Luthuli Avenue akanunua nyingine, akiwa na picha ya kibandiko changu kwenye simu. Maduka mawili yalimwonyesha boksi tu bila kumruhusu kusoma ubavuni, akatoka. La tatu lilimfungulia.

Harusi ilikabidhiwa Jumamosi saa sita. Kitu cha mwisho nilichokigusa ni mipangilio ya skrini: ni ya 144Hz, lakini Windows ilikuwa imeiacha kwenye 60. Nimeirekebisha. Anasema haoni tofauti.