Mikono ya Kalamu

Nilikuwa nimelala chali chini ya Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, vumbi la kutu likinidondokea usoni. Kaka yangu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kutoka pale nilipolala niliona viatu vyake tu. Ilikuwa Jumamosi, na joto la Houston lilikuwa limeshaingia gereji kabla ya saa tatu asubuhi. Nina miaka 31. Sikuwahi kuingia chini ya gari la kaka hata siku moja.

Tanga, kaka alikuwa fundi. Baba alipofariki, ada yangu ya shule ilitoka kwenye injini alizofumua chini ya mwembe. Mama alikuwa akinituma nimpelekee chakula cha mchana, na kila nikigusa spana alininyang'anya. "Weka chini. Mikono yako ni ya kalamu." Mafundi wenzake walicheka, nami nikacheka nao. Nyumbani nilinawa mikono ambayo haikuwa na hata doa.

Nilisoma, nikaja Marekani kusoma zaidi, nikabaki kufanya kazi. Miaka kadhaa baadaye kaka naye akaja, akawa dereva wa malori, akanunua Chevelle hii ikiwa haiwaki. Akaifufua kidogo kidogo. Injini yake ya V8, yenye ujazo wa lita 5.7, akaiongezea nguvu. Akaweka matairi mapana, breki za diski mbele, na stabilaiza nene ya mbele. Ikabaki ya nyuma. Kabla hajaifunga akafanyiwa upasuaji wa mgongo, na daktari akamkataza kulala chini ya gari.

Stabilaiza ile ilikaa ukutani ndani ya boksi lake kwa miezi minane. Kila nikimtembelea niliiona. Yeye hakuomba msaada, nami sikujitolea, maana nilijua jibu nitakalopewa. Halafu wiki ile akapiga simu: "Mdogo wangu, Jumamosi una shughuli?"

Stabilaiza ni fimbo ya chuma yenye umbo la herufi U. Nyuma ya Chevelle kuna springi za kuzunguka na amu nne zinazoshika ekseli, na ncha za fimbo hufungwa kwenye amu mbili za chini, bolti mbili kila upande. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, fimbo haina kazi. Inaamka kwenye kona, pale gari linapolalia upande: amu moja inataka kupanda, nyingine inataka kushuka, fimbo inajisokota na kuwakatalia wote wawili.

Nilikuwa nimemuuliza kwa nini hakununua ile nene kuliko zote. Nikamwekea na hesabu: ukizidisha kipenyo mara mbili, ugumu wa fimbo unaongezeka mara 16.

"Ndiyo maana sikuinunua," akasema. Nyuma ikiwa ngumu mno kuliko mbele, mkia ndio unaoachia barabara kwanza. Mvua ikinyesha, gari linageuka kutazama lilikotoka. Mimi nilijua hesabu tangu chuo. Yeye aliijua kwa magari aliyoyatoa mitaroni.

Alipoingia ndani kumeza dawa, nikaona nimwonyeshe. Nikaishika fimbo, nikaipachika kwenye amu, nikaanza kukaza. Bolti ilizunguka vizuri, kisha chuma kikalia.

"Acha!" Alikuwa mlangoni. "Umefunga kwenye amu za zamani?"

Amu za zamani zina uwazi upande mmoja, kama mfereji wa bati. Ukizikaza bila kitu cha kuzishikilia ndani, kuta zake zinabanana. Alikuwa amenunua amu mpya zilizofungwa pande zote. Zilikuwa kwenye boksi la pili, ambalo sikulifungua.

"Si uliniambia?" nikasema kutoka chini. "Mikono ya kalamu."

Nilitaka uwe utani. Haukutoka kama utani.

Viatu havikusogea. Baada ya muda akasema, "Nilikuwa naona unavyoitazama spana. Niliogopa utaipenda."

Nilikaa kimya nikiangalia difu. Miaka yote ile nilidhani aliniona sifai.

Tukaanza upya. Tulitoa amu moja, tukafunga mpya, ndipo tukahamia ya pili, ekseli isije ikahama. Nilipotaka kukaza bolti za bushi, akanizuia. Gari lilikuwa linaning'inia, na bushi ya raba ikikazwa hivyo inashikilia mkao huo. Ukilishusha gari, raba inabaki imejisokota hadi inachanika. Tukahamisha stendi kutoka kwenye chasisi hadi chini ya ekseli, uzito ukakaa kwenye springi. "Sasa kaza," akasema. "Kaza likiwa limebeba mzigo wake."

Alasiri akanirushia ufunguo. Kuna barabara inayojikunja kama sikio kupanda barabara kuu, na zamani pale kaka alikuwa akishika mpini wa mlango, maana Chevelle ililala kama jahazi lililopigwa na kusi. Niliingia kona kwa mwendo uleule aliokuwa akiingia nao. Gari likainama kidogo, likatulia. Nikamtupia jicho. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Tuliporudi aliiangalia mikono yangu kwenye usukani, meusi kuchani, kifundo kimoja kimechubuka. Nilidhani atasema kitu kuhusu Tanga.

"Bolti mpya hulegea kidogo," akasema. "Jumamosi ijayo uje uzirudie."