Maji ya Nkoroi na Pwani ya Sabaki

Safari yetu ya hivi karibuni ilitufikisha Nkoroi, kaunti ya Kajiado, mbele kidogo ya Ongata Rongai, alikoolewa binti yetu. Baada ya sala ya alfajiri tulitoka na mjukuu kuvitazama vilima vya Ngong, na njiani tukakikuta kijito ambacho mtu mzima hukivuka bila kulowa magoti. Mjukuu akauliza, "Babu, maji haya yanakwenda wapi?" Tukamjibu, "Yanakwenda kwetu." Akacheka, akidhani tunamtania.

Hatukumtania. Vijito vya pande hizo huteremka hadi mto Mbagathi, ulio mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, makao ya viboko na mamba. Mbele huitwa Athi, ukapokea mto Nairobi pamoja na taka za mji, ukaporomoka karibu na Ol Donyo Sabuk, kisha ukaandama uwanda wa Yatta kuelekea Tsavo. Huko hukutana na mto Tsavo, ukaitwa Galana. Nasi watu wa pwani twauita Sabaki, pale unapoingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Mvua zikinyesha bara, udongo wake huipaka bahari ya Malindi rangi nyekundu. Na mlangoni mwake heroe na ndege wahamao hutafuta riziki topeni.

Lililotuhuzunisha ni bomba lililotokeza chini ya ukuta wa nyumba za kupanga, likimwaga maji machafu kijitoni. Mwenyewe huenda hujiambia kuwa uchafu umekwisha kwenda zake. Lakini kando ya mto huo huo, huko Baricho, ndiko kuliko na visima vinavyoipatia maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Maji tunayotawadhia yana udugu na kijito kile.

Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia penye maji ya watu, na akakataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha mtoni. Katazo hilo halina bara wala pwani.

Wengi wetu tuna watoto waliopanga au kujenga huko juu. Tunapowapigia simu kuwajulia hali, tuwaulize na hili: choo chenu chamwaga wapi?

Wabillahi tawfiq.